Nyumba ya Kunong'ona

Mama Chanuo alipoumwa kichwa, nyumba nzima iliumwa. Redio ilikatwa katikati ya sentensi. Viatu vilivuliwa mlangoni. Vijiko vililazwa juu ya kitambaa visije vikagusana na sahani. Pazia zito, ambalo mumewe alilishona kutokana na turubai la kufunikia makopo ya rangi, lilishushwa dirishani, na tundu la kitasa likazibwa kwa pamba, maana hata ule mwanga mwembamba kama uzi uliopenya tunduni ulimwingia machoni kama pilipili. Majirani nao walishazoea. Muuza mkaa akifika kwenye kona yao alimeza mwito wake, akaja kuutapika huko mbele, mbali na dirisha la mgonjwa.

"Meneja yuko likizo," mumewe alikuwa akiwanong'oneza wateja waliomfuata nyumbani. "Rudini kesho. Na mkitoka msikohoe."

Kipandauso kilimwanza Mama tangu usichana, kikaingia naye kwenye ndoa, kikazaa naye, kikazeeka naye. Miaka yote hiyo iliifundisha familia sheria nyingi, na moja ilikuwa mama wa zote: akishalala, asiamshwe. Aliyelala amepona nusu. Akiamshwa kabla ya wakati, maumivu hurudi na ndugu zake wote.

"Ukimwamsha, umemuua," Shangazi alipenda kusema, naye Shangazi, dada mkubwa wa baba mwenye nyumba, hakuwa mtu wa kupingwa.

Hiyo ndiyo sheria waliyoitii siku ngazi ilipoteleza.

Mume mwenyewe alikuwa mchora mabango. Mtaa ulimwita Brashi kwa sababu haikuwahi kutokea akaonekana bila brashi nyuma ya sikio. Mkewe, ambaye yeye alimwita Meneja, ndiye aliyepanga kazi, ndiye aliyechanganya rangi, ndiye aliyemwambia herufi imelala. Zaidi ya hayo yote, ndiye aliyeshika ngazi. Mguu wa kulia juu ya kipandio cha chini, bega kwenye mti wa ngazi, uso pembeni ili rangi isimdondokee. Brashi hakupanda kabla ya kuuliza.

"Meneja, umeshika?"

"Nimeshika. Panda kabla sijabadili mawazo."

Alianza kuuliza hivyo tangu alipoacha pombe. Enzi za pombe alikuwa akipanda bila kuuliza na kushuka bila kukusudia, na mtaa mzima ulikuwa na hadithi zake. Kisha akaacha. Mwaka ukapita, na mwingine, watu wakachoka kumsubiri aanguke tena, wakaanza kumpa kazi za barabarani, zile ambazo kila mpita njia anazisoma.

Asubuhi ile walikuwa wakichora bango juu ya mlango wa duka la dawa. Mfagizi wa duka alikuwa ametoka kuosha kibaraza kwa maji ya sabuni, na malumalu yaling'aa kama meno. Ngazi ilikaa vizuri, ikakaa vizuri, halafu haikukaa. Brashi alikuja chini pamoja na kopo la rangi ya bluu. Paji lake la uso lilipasuka kwenye ukingo wa kopo. Yeye na ngazi walimwangukia mkewe, mkewe akaenda kinyumenyume, na kisogo chake kikapiga kizingiti cha mlango.

Damu ina kelele. Kila mtu aliikimbilia. Brashi alikuwa amelala katikati ya dimbwi la nyekundu na bluu akiuliza kama herufi imeharibika, na watu walimzunguka, huyu na kitambaa, huyu na ushauri. Mkewe aliinuka mwenyewe. Alikung'uta nguo. Alifunika makopo yaliyobaki, kwa sababu rangi ikiachwa wazi hukauka, akaikunja ngazi na kuiegemeza ukutani. Ndipo akakaa kwenye kizingiti kilekile na kushika kichwa.

Binti yao alitoka mbio saluni, ng'ambo ya barabara, mafuta ya nywele yakiwa bado vidoleni. Chanuo, kama walivyomwita, alikuwa msusi, na ulimi wake ulikuwa na meno kama jina lake.

"Mama, umeumia wapi?"

"Mtazame baba yako. Mimi ni kichwa tu."

Kichwa tu. Katika familia ile maneno hayo yalikuwa na maana moja, na hakuna aliyeuliza ya pili.

Hospitalini, kwenye chumba cha majeruhi, walimkuta daktari mwanamke, kijana, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alimwinamia Brashi kwenye machela, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya jeraha.

"Amekunywa?"

"Hanywi," alisema Chanuo.

"Alikuwa anakunywa," aliongeza Shangazi, aliyekuwa ameshafika. Habari mbaya hazikuwahi kumpita njiani. Alikuwa na kipaji cha kusema kweli mahali isipotakiwa.

"Daktari, ninuse," Brashi alisema. "Hiyo ni thina ya rangi. Tone sijagusa tangu niache. Tone!" Na alipomaliza kuapa, akatapika pembeni ya machela.

Daktari alimtazama kwa muda. Mwanaume aliyewahi kuwa mlevi, anayenuka thina na kutapika. Kama ni pombe, atalala itoke. Kama si pombe, basi ni ubongo.

"Umeapa hujanywa," alisema. "Basi kutapika huku kuna sababu nyingine. Tunakushona, halafu unakwenda skani."

Hapo ndipo alipomgeukia Mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti kama mtu anayesubiri zamu ya mtu mwingine.

"Na wewe mama?"

"Kichwa kidogo, mwanangu."

"Ulipoteza fahamu?"

"Hapana."

"Una maradhi yoyote ya zamani?"

Mama alifungua mdomo. Shangazi alikuwa ameshautangulia. "Huyu kichwa ni chake, daktari. Tulipompokea bibi harusi tulimpokea na kichwa chake. Halafu kuna kipindi alizidiwa na mawazo, akawa wa kulia tu, akapewa na vidonge. Wifi yangu huyu ni mtu wa kichwa."

Daktari alimwashia tochi jicho la kushoto, kisha la kulia. Mboni zote mbili zilinywea sawasawa. Alimminya shingo, akamwambia anyooshe mikono, ikanyooka.

"Kipandauso," alisema, kwa ile nafuu ya mtu aliyepata jibu lisilohitaji kitanda. "Mshtuko kama huu unaweza kukiamsha. Mpeni vidonge hivi vya maumivu, mpelekeni nyumbani apumzike gizani. Akizidiwa, mrudisheni."

"Giza tunalo la kutosha," alisema Shangazi kwa fahari.

Chanuo alibaki na baba yake. Foleni ya skani ilisogea kama konokono mwenye mimba. Jua lilipoanza kulala upande, alirudi nyumbani kumchukulia baba shati safi, maana lile alilovaa lilikuwa limekauka likawa gumu kama bango lenyewe.

Alivua viatu mlangoni bila kufikiri. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba cha kulala, kama askari wa benki.

"Kalala?" Chanuo alinong'ona.

"Kama mtoto mchanga. Miaka yote hii sijamwona akilala hivi. Hata kulalamika hajalalamika."

"Hajatapika?"

"Mara moja. Si kawaida yake?"

"Shati la baba liko kabatini humo."

"Ingia kama paka. Ukiangusha kitu nakuangusha wewe."

Chanuo alisukuma mlango. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi nyuma yake, na jua la jioni likaingia pamoja naye, likanyooka kama mkeka hadi kitandani, likatua usoni kwa Mama. Chanuo aliruka kuufunga mlango. Kisha mkono wake ukasimama.

Mama alikuwa na macho nusu wazi. Alikuwa analitazama jua. Hakugeuza uso. Hakuguna. Hakuvuta shuka.

Akiwa mdogo, Chanuo aliwahi kuwasha njiti ya kiberiti ndani ya chumba kile akitafuta mwanasesere wake, na mama yake, mwanamke aliyejifungua bila kupiga kelele, alilia kama mtoto. Njiti moja. Na sasa jua zima.

Aliufungua mlango wote. Hakuna kitu.

Akasogea. Kitambaa kilichofungwa kichwani kilikuwa na fundo chini ya kidevu, kama cha mtu anayeumwa jino. Hilo lilikuwa fundo la Shangazi. Mama alikuwa akijifunga mwenyewe, fundo juu ya nyusi ya kushoto, akilikaza mpaka linaacha alama. Chanuo akapitisha vidole kwenye nywele za mama yake. Katika mji mzima hicho ndicho kichwa pekee alichokatazwa kukigusa siku za maumivu, kwa sababu siku hizo hata unywele uliuma. Mama alimwacha. Vidole vya Chanuo vilishuka hadi kisogoni, vikakutana na uvimbe laini kama unga uliokandwa.

"Mama."

"We!" Shangazi alikuwa mlangoni, akifoka kwa kunong'ona. "Una wazimu? Unamwamsha!"

"Shangazi, hii siyo ile."

"Siyo ile ipi?"

"Siyo kichwa chake. Hiki ni kingine."

"Kwani ana vingapi?"

"Mama!" Chanuo alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya kwanza kupigwa ndani ya chumba kile, na ilisikika kama sahani iliyovunjika msibani. "Mama, amka!"

Mama aligeuza macho polepole. Alimtazama binti yake kama mtu anayesoma bango kutoka mbali.

"Funika makopo," alisema.

"Makopo gani, Mama?"

"Rangi itakauka." Na akazama tena.

"Anaota," alisema Shangazi, lakini sauti ilikuwa imemshuka.

"Mshike upande huo. Tunarudi hospitali."

"Na tukimnyanyua akatufia barabarani? Mwache alale, mtoto wewe. Daktari mwenyewe kasema giza. Amesoma yule!"

"Daktari alimuuliza Mama, ukajibu wewe." Chanuo alikuwa ameshaingiza mikono chini ya mabega ya mama yake. "Tusipomnyanyua atafia hapahapa kitandani, na sisi tumevua viatu."

Shangazi alisimama akimwangalia. Akainama, akashika miguu ya wifi yake.

"Huyu si tumemwona leo?" muuguzi aliuliza walipomwingiza.

"Mmemwona," Chanuo alisema. "Sasa mtazameni."

Daktari alikuja akifuta mikono. Alimwita Mama, Mama akafungua macho. Alimuuliza jina lake, akalitaja, kwa uvivu. Alimuuliza yuko wapi, akasema kwenye ngazi.

"Alimeza vile vidonge vya maumivu?"

"Alimeza," alisema Shangazi.

"Vinalaza. Na mtu wa kipandauso akishalala..."

"Daktari, mwashie tochi," Chanuo alisema.

"Dada, asubuhi nilimwashia."

"Mwashie tena. Lakini usitazame jicho. Tazama uso."

Daktari alivuta pumzi kama mtu anayehesabu hadi kumi moyoni. Aliwasha tochi. Mboni ilinywea kama inavyotakiwa. Uso ulitulia kama ukuta.

"Sioni kitu," alisema.

"Ndiyo hicho! Hakuna kitu! Mama yangu akiwa na kichwa chake, ukimwashia tochi anakutandika kofi. Kamtandika baba. Kanitandika mimi. Kamtandika hata Shangazi."

Wote walimgeukia Shangazi. Lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulikiri mbele ya mtu.

"Hapa," alisema, akigusa shavu. "Nilikuwa nimewasha mshumaa tu."

Daktari alizima tochi. Aliiwasha tena, akammulika Mama usoni kwa muda mrefu, karibu sana, kwa namna ambayo ingekuwa ukatili kwa mtu mwingine. Mama alimtazama kwa upole.

"Kila siku naletewa vichwa vilivyogongwa," alisema, haikujulikana anamwambia nani. "Wanaume wanakuja na pombe yao ya zamani, na kifafa chao. Wanawake wanakuja na vichwa vyao vya zamani, na huzuni yao. Nasi tunakamata kile kilichotangulia kwa sababu kiko karibu na mkono. Mwanaume tunasema atalala itoke. Mwanamke tunasema ndivyo alivyo." Akazima tochi. "Anatakiwa skani. Sasa hivi."

"Haya basi!"

"Nafasi imebaki moja."

Mashine ilikuwa moja, na tangu juma lililopita ilikuwa ikipata joto na kujizima. Fundi wake alikuwa ameshatangaza kwamba anampiga picha mtu mmoja wa mwisho, kisha anaiacha ipoe hadi asubuhi. Gari la wagonjwa lililoweza kumpeleka mtu hospitali nyingine lilikuwa limeondoka mchana na halijarudi. Na mtu wa mwisho alikuwa ameshalazwa kwenye machela mbele ya mlango wa skani, bandeji kichwani, shati gumu kifuani. Alikuwa Brashi.

"Wapigeni wote wawili," Chanuo alisema. "Mtabana, mtafanyaje, wapigeni wote!"

"Mashine itazima katikati, wakose wote." Daktari alijishika paji la uso. "Baba yako ametapika tena na tena, na anaapa hajanywa. Nikimtoa yeye, na kumbe ndiye anayevuja ndani, kesho nitakuambia nini? Nikimwacha mama yako..."

Chanuo alijikuta ameshika mkono wa koti lake, akiuvuta kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni. Hakujua anamwomba nini. Kila alichotaka kuomba kilikuwa kinaua mtu.

"Daktari," Brashi aliita kutoka mlangoni.

Walikuwa wamesahau kwamba ana masikio.

"Daktari, nimekunywa."

Ukimya uliokuja ulikuwa wa kwao kabisa, ule wa nyumbani.

"Baba!"

"Nyamaza, Chanuo. Nimekunywa tangu kulipokucha. Ngazi niliipanda nimelewa, ndiyo maana nikaanguka. Kutapika ni pombe. Nitoeni hapa mniache nilale."

"Asubuhi uliniambia nikunuse," alisema daktari.

"Ulitegemea mlevi akuambie nini?"

"Nilijua!" Shangazi alijipiga kifua. "Mimi nilijua! Ee ndugu yangu, mtoto wa watu umemuua kwa chupa! Hivi huna haya? Huna hata haya kidogo?"

Brashi alifumba macho. Chanuo alikuwa anatazama mikono ya baba yake, iliyolala juu ya shuka, bluu kwenye kucha, imetulia kabisa. Alikulia kwenye pombe ya mtu huyu. Alimvua viatu, alimfungulia mlango, alimsikia akianguka kwenye ndoo. Katika miaka yote ile baba yake hakukiri hata siku moja. Alikuwa akiapa hajaonja huku amekaa sakafuni. Brashi mlevi hakuwahi kusema amelewa.

Daktari alisogea kwenye machela. Aliinama, akaleta uso wake karibu na mdomo wa Brashi, akavuta hewa. Akakaa hapo kitambo. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Amekunywa," alimwambia muuguzi. "Mtoe. Muweke kwenye benchi, na asilale. Umenisikia? Asilale hata kidogo. Muingizeni mama."

Machela mbili zilipishana kwenye ujia mwembamba, moja ikitoka, moja ikiingia. Brashi alinyoosha mkono akashika chuma cha machela ya mkewe, na muuguzi ikabidi asimame.

"Meneja," alisema.

Mama alikuwa anatazama dari.

"Nimeshika. Panda."

Muuguzi alimbandua vidole kimojakimoja.

Damu ilikuwa imejikusanya kisogoni, kati ya fuvu na ubongo, na ilikuwa imeanza kusukuma. Daktari wa upasuaji aliitwa kutoka kwake. Muuguzi alipokuja na mkasi na wembe, Chanuo alivichukua mkononi mwake bila kuomba ruhusa, na muuguzi alipoona jinsi anavyoshika mkasi, akamwachia. Alimnyoa mama yake. Nywele alizokatazwa maisha yake yote zilianguka juu ya mapaja na magoti yake, laini, zenye mvi alizokuwa hazijui, naye akazikunja kwenye kitambaa kile chenye fundo la Shangazi.

Kisha wakamwingiza, mlango ukajifunga, na kilichobaki kilikuwa ni Brashi.

Kila aliposinzia, Chanuo alimtikisa. Alimpiga mashavu, alimminya masikio, alimwita kwa jina la mtaani na kwa jina la nyumbani. Watu waliomaliza miaka bila kumwamsha mtu, sasa kazi yao ikawa ni hiyo. "Baba, amka." "Niko macho." "Sema kitu." "Nisemeje?" "Chochote." "Nimechoka." "Kingine." Asubuhi mashine ilipopoa walimpiga picha. Paji lilikuwa na ufa, lakini ndani kulikuwa kukavu. Kabla ya asubuhi hiyo, hakuna aliyelijua hilo, na yeye mwenyewe hakulijua.

Mama alitoka kwenye upasuaji akiwa anapumua. Zaidi ya hapo hakuna aliyeahidi kitu.

Shangazi hakuuweka ulimi ndani. Jua la siku ya pili lilipozama, mtaa mzima ulishajua kwamba Brashi amerudia pombe na kumwangukia mkewe. Mwenye duka la dawa alimpa mchoraji mwingine ile kazi. Waliokuwa wakimwamkia kwa heshima walianza kumwamkia kwa kicheko, na wengine hawakumwamkia.

"Waambie ukweli," Chanuo alimsihi.

"Niwaambie nini? Kwamba nilimdanganya daktari, na daktari akajidai amedanganyika? Unataka wamfukuze?" Alikuwa anakwangua bluu kwenye kucha. "Mama yako akiamka ataninusa mwenyewe."

Na asipoamka? Chanuo alilimeza swali hilo. Lilikuwa na mifupa.

Kitanda cha Mama kilikuwa kando ya dirisha, upande wa mawio. Kila asubuhi Chanuo alifika kabla ya usafi, akalivuta pazia lote, akasimama pembeni ili kivuli chake kisiingilie. Jua lilimpiga Mama usoni. Macho yake yalikuwa yanafunguka na kufumba yenyewe, bila mtu nyuma yake. Uso ulikuwa laini kama wa msichana. Mistari ya maumivu aliyoizoea Chanuo, ile miwili katikati ya nyusi, ilikuwa imefutika, na alichukia kila kilichopendeza kwenye uso ule.

"Unamtesa," Shangazi alimwambia.

"Natamani ningemtesa."

"Mtoto gani anaomba mama yake aumwe?"

"Mimi."

Daktari alikuwa akipita, hata siku zisizokuwa za zamu yake. Alikuwa akisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni, akiuliza kwa macho. Chanuo alikuwa akitikisa kichwa. Siku moja daktari alisema, "Wengine huamka wakiwa watu wengine, dada. Jiandae na hilo pia." Chanuo akamwambia yeyote atakayeamka atampokea. Kisha akaenda chooni akakaa huko hadi mtu akagonga.

Asubuhi zikarundikana. Ikafika asubuhi ambayo hakuweza. Alifika, akakaa kwenye kiti, akaupa mgongo ule ukuta wa dirisha.

"Leo sifungui," alimwambia baba yake.

Brashi alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, kovu jipya likimkata paji kama mstari uliopigwa na mtu mwenye haraka. Shangazi alikuwa anapanga shuka safi kwenye kabati, akimpa mgongo, maana bado alikuwa hamsemeshi. Brashi aliinuka, akazunguka kitanda, akalivuta pazia. Kisha akarudi, akapiga magoti karibu na mto, akamtazama mkewe akiwaka kwa jua.

Hakuna kitu.

Halafu katikati ya nyusi pakatokea mstari.

Ulikuwa mwembamba, kama uzi. Ukaongezeka wa pili. Uso ukaanza kujikunja, polepole, upande wa kushoto kwanza, kama karatasi iliyosogezewa moto, na kooni mwa Mama ukatoka mguno mzito, wa chini, mguno ambao Chanuo alikuwa ameusikia kupitia milango iliyofungwa tangu hajui kutembea.

Mkono wa kulia haukusogea. Wa kushoto uliinuka kutoka kwenye shuka, ukayumba hewani, ukaangukia shavu la Brashi. Lilikuwa kofi lisilotosha kufukuza nzi.

"Tena, Meneja," Brashi alisema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Nipige tena."

Shangazi aliachia shuka zote na kupiga kigelegele kilichoiamsha wodi nzima. Uso wa Mama ukajikunja zaidi.

"Pa," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, ukitafuta njia kwenye nyumba ambayo vitu vyake vimehamishwa. "Paz. Pazia."

"Pazia!" Shangazi alijiziba mdomo, akashusha sauti hadi kunong'ona. "Chanuo, pazia! Mfungie mama yako pazia, upesi!"

Chanuo alikuwa ameshasimama. Alikuwa amelishika pazia kwa mikono miwili, na mikono ilikataa.

"Ngojeni kidogo," alisema, akilia, macho yake kwenye ile mistari miwili. "Ngojeni kwanza. Mwacheni aumie kidogo tu."